Behewa Alilolizeesha Baba

Juzi nilisahau stilwaya ya kusugulia sufuria ndani ya bakuli lenye siki. Asubuhi nilipofungua mlango wa jikoni, harufu ilinipokea, kali, ya chuma kinachooza polepole. Nilisimama pale na kitambaa mkononi, chai ikachemka hadi ikamwagika. Harufu hiyo ndiyo iliyojaa nyumbani kwetu Mutomo mwaka ule baba alipoacha kazi ya reli na kuanza kutengeneza treni ndogo.

Baba alikuwa mkaguzi wa mabehewa kwenye reli ya zamani, upande wa Makueni, kabla ya reli mpya kujengwa. Treni ya mizigo ikisimama, alitembea kando yake na nyundo ya mpini mrefu, akigonga magurudumu na kusikiliza mlio, akiinama kuangalia vyuma vya chini. Rafiki yake mkubwa huko kazini alikuwa Baba Zuhura, Mwislamu wa Mwingi, mtu wa breki aliyesafiri kwenye behewa la nyuma. Alipokuja kwetu alileta tende, na hakuondoka kabla ya kumwambia mama kwamba nimefanana na baba kila kitu, ila Mungu alinihurumia kwenye masikio. Siku moja treni ikipanda mlima, ndoano inayounganisha behewa na behewa ilikatika. Mabehewa ya nyuma yalirudi kinyumenyume, na Baba Zuhura akafia pale pale relini.

Haya yanayofuata niliyajua nikiwa mkubwa, lakini nitawaambia sasa ili twende pamoja. Ndoano ile ilipookotwa, nusu ya mahali ilipokatika ilikuwa inang'aa na nusu ilikuwa na kutu. Maana yake ilikuwa na ufa wa siku nyingi, na behewa hilo lilikuwa limepita mbele ya baba asubuhi hiyo hiyo. Wakubwa wake walisema uchafu ulikuwa mwingi, hakuna jicho ambalo lingeuona, kwa hivyo hana kosa. Baba aliwashukuru, akafunga mizigo yake, akarudi nyumbani. Hakuwaamini hata kidogo.

Mimi nilikuwa msichana wa miaka tisa, na hesabu yangu ilikuwa rahisi: baba anatengeneza treni, mtoto wa kuchezea ni mimi, basi treni ni yangu. Alichonga kichwa cha treni kwa mbao za mukau, akakivika bati la mkebe wa mafuta ya kupikia. Akatengeneza mabehewa matatu, akayapaka rangi vizuri, nami nikawatangazia watoto wote wa jirani. Halafu, nikiwa bado najivuna, akaanza kuyachafua.

Sijawahi kuona mtu akichafua kitu kwa uangalifu namna ile. Aliloweka stilwaya kwenye siki mpaka maji yakawa ya kahawia, akayapaka kwa unyoya wa kuku kwenye kona na chini ya misumari. Alinyunyiza chumvi juu ya rangi ya kutu, akapaka rangi nyingine juu yake, na ilipokauka akaisugua chumvi ikatoka, ikaacha mabaka kama ya rangi iliyobanduka kwa jua. Masizi aliyatoa kwenye koroboi, akayapaka kichwa cha treni pale moshi unapotokea. Vumbi alikuwa amekuja nalo kwenye mfuko, jekundu, la kule Kibwezi, kwa sababu alisema mchanga wetu wa Mutomo haushiki chuma vile. Alilichekecha kwa kitambaa, akalipaka kwa kipande cha sponji, kisha akafuta kutoka juu kwenda chini, kila mara juu kwenda chini. Nilipojaribu kumsaidia kwa kufuta upande upande, alinishika mkono.

"Hapana, Mwende. Uchafu unashuka na mvua. Fuata mvua."

Mama alivumilia mpaka chumvi ilipoisha.

"Asi! Baba Mwende, hiyo treni yako inakula chumvi kuliko watu wa hii nyumba! Mimi nashinda nikiosha, wewe unashinda ukichafua."

Mimi na watoto wa jirani tulicheka. Baba hakucheka, na mama alipomtazama vizuri akanituma dukani kuleta chumvi nyingine. Mwaka huo baba alikuwa ameacha kuimba kwaya kanisani. Chakula alikuwa anakigusagusa tu. Nadhani mama alijua treni ile si mchezo, na aliogopa kuuliza.

Behewa la mwisho alilirudia mara nyingi sana. Aliliosha, akalichafua upya, akaliweka dirishani, akainama kuliangalia kutoka chini, akaliosha tena. Niliona analipendelea, nami nikalitaka hilo hilo.

Jumamosi moja baada ya chai alilileta nje, akaniwekea mapajani. Moyo wangu ulijaa furaha. Hatimaye!

"Hii si ya kucheza," akasema. "Ni ya kuangalia. Angalia hapa kwa ndoano. Kama kuna kitu kimeharibika, niambie. Kama hakuna, sema hakuna."

Akaketi kwenye kigoda mbele yangu na mikono katikati ya magoti. Niliangalia. Niliona mafuta meusi, vumbi, masizi. Nikamwambia hakuna kitu. Alishusha pumzi ndefu, na ningeishia hapo yangekuwa mambo mengine. Lakini nilikuwa mtoto wa kupenda sifa. Nililigeuza kwenye jua, nikalisogeza karibu na pua, nikaendelea kutafuta jua likipanda. Baba hakuondoka. Hata maji ya kunywa hakutaka.

Mwishowe nikaona. Chini ya yale mafuta kulikuwa na mstari wa kutu, mwembamba kuliko uzi, ambao haukushuka na mvua. Ulikata ndoano upande kwa upande.

"Hapa, Baba! Hapa kuna ufa!"

Nilingoja anibebe juu. Aliniwekea mkono kichwani, mkono mzito, akasema, "Umeona vizuri, mwanangu." Kisha akaenda nyuma ya nyumba. Mama alimfuata, na walikaa huko mpaka mboga ikaungua jikoni.

Jumatatu tulisafiri yeye na mimi hadi Mwingi, behewa likiwa limefungwa kwenye leso ya mama. Tulipofika Kabati, kituo cha njiani, alininunulia ndizi, akaondoka bila chenji yake mpaka muuzaji akamwita. Mama Zuhura tulimkuta uani akipepeta ndengu, malori ya Garissa yakinguruma barabarani. Alikuwa amekonda. Tangu mazishi baba hakuwa amekanyaga pale.

"Baba Mwende," akasema. "Umetupotea."

Baba hakuketi. Alifungua leso, akaniambia nimwonyeshe Mama Zuhura nilichoona. Nikaonyesha kwa kidole, nikiwa bado na ile fahari yangu. Mama Zuhura alilisogeza behewa machoni, akaangalia kwa muda mrefu.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa?"

"Hivi hivi. Wakubwa walikuambia ufa haungeonekana. Huyu ni mtoto, na ameona. Ningekaa hapo, ningeona. Sikukaa. Treni ilikuwa inangojwa, nikapita."

Mama Zuhura aliweka behewa juu ya ungo, kwenye ndengu. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Walipokuja kuniambia ufa haukuonekana, hata chai walikataa," akasema. "Nikajua kuna kitu. Nimekaa hapa na hicho kitu peke yangu, shemeji. Peke yangu."

"Nisamehe, Mama Zuhura."

Alipangusa uso kwa ncha ya mtandio. Nilisubiri aseme ndiyo, kwa sababu kwetu mtu akiomba msamaha huambiwa yameisha, na watu wakapewa chakula.

"Siwezi," akasema. "Sitakudanganya, leo siwezi. Lakini usipotee tena."

Njiani kurudi nilimchukia yule mama. Nililia mpaka Kitui mjini, nikaona baba ameaibishwa bure, na kwamba mimi na macho yangu ndio tuliomfikisha pale. Baba alinifuta kamasi, akasema nisiseme neno baya juu yake. Jumapili iliyofuata alirudi kwenye kwaya, akasimama mstari wa nyuma.

Nilielewa nikiwa mkubwa. Baba alikuwa ameshasamehewa na watu ambao hawakufiwa, na msamaha huo haukumlisha wala kumlaza. Alikwenda Mwingi kwa mtu pekee aliyekuwa na haki ya kumnyima. Akanyimwa, na mwezi uliofuata akavaa koti lake, akarudi Mwingi.