Shavu la Upande wa Dirisha

Mume wangu alikuwa na nyuso mbili, na sisemi hivyo kwa kumsengenya. Shavu lake la kushoto lilikuwa la mtu wa makamo, laini, halina neno. La kulia lilikuwa la babu yake: makunyanzi, madoa meusi, ngozi imelegea chini ya jicho. Ni kazi ya jua. Ameendesha malori tangu ujana wake, na dirisha la dereva liko kulia. Wenzake walimbandika jina la Usukani, nami hulitumia ninapotaka kumchokoza. Nilikuwa nikisema nimeolewa na wanaume wawili, na hakuna hata mmoja anayejua kutandika kitanda.

Utani huo uliisha mama mkwe alipoanza kusahau.

Mama mkwe anaishi kwa wifi yangu, na mchana hukaa barazani kwenye benchi. Sikio lake la kulia halisikii kabisa. Anayetaka kuzungumza naye lazima akae kushoto kwake, na Usukani akikaa hapo, shavu linalomwelekea mama yake ni lile la jua. Siku moja tulifika kama kawaida, akaketi, akamwamkia. Mama akamtazama, akajisogeza kumpa nafasi, akasema, "Shikamoo, mzee wangu. Umetoka mbali?"

Sijui kama kuna jambo linalouma kama kuamkiwa shikamoo na aliyekuzaa.

"Ni mimi, Mama. Kitinda wako, mwanao wa mwisho."

Mama akacheka. "Kitinda wangu bado kijana. Ni dereva, huyo! Ngoja nikupe habari zake."

Akampa. Jinsi alivyozaliwa mvua ikimwagika, alivyogoma kunyonya, alivyokuwa akivingirisha mfuniko wa sufuria uani huku akinguruma kama injini. Usukani alisikiliza mpaka mwisho, akiitikia "ehee" panapostahili. Tulipofika kwenye gari akalia, mwanaume mzima, kichwa juu ya usukani. Tangu hapo, kila tulipokwenda, mzee mgeni alikaribishwa na kusimuliwa. Mimi nilimshauri aache tu iwe hivyo. Akaniambia anataka jambo moja: mama yake amwite Kitinda kabla hajafa.

Dereva mwenzake ndiye aliyemwambia kuhusu kliniki ya ngozi wanakofuta alama za jua kwa mwanga. Nilipinga. "Uzee huu unataka kujichubua?"

"Sijichubui. Nataka upande mmoja ufanane na mwenzake."

Tukaenda. Chumba kidogo cheupe, kiti cha kulala, mashine yenye waya mnene na kishikio kama cha pasi. Daktari alikagua kwanza kila doa kuhakikisha si ugonjwa, kisha akamwacha mikononi mwa mtaalamu wa mashine, binti mpole lakini mgumu kama msumari. Huyo alijaribu sehemu ndogo tu karibu na sikio, akamwambia aende zake, arudi baada ya wiki kadhaa.

"Ngozi nyeusi haitaki pupa, baba," alisema. "Mwanga ukizidi, unafuta doa hili unaleta lile. Na uzee siuondoi. Naupunguza makali."

Siku ya kazi yenyewe alimfunika macho kwa miwani mizito, akampaka jeli baridi shavuni. Mwanga ukapiga. Usukani akaruka, akasema ni kama kuchapwa kwa mpira. Chumba kikanuka nywele zilizoungua, na shavu likawa la moto.

"Usikae juani hata kidogo," binti akamwonya.

Usukani akaitikia vizuri sana. Akatoka, akaingia kwenye gari letu, akashusha kioo, akatoa kiwiko nje, na jua la saa sita likamkalia shavuni mpaka nyumbani. Nilimfokea njia nzima.

"Juani ni nje," alinijibu. "Mimi si nimo ndani ya gari?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Shavu likawa jeusi kuliko mwanzo, na binti akakataa kuligusa kwa miezi kadhaa. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, maana mama hakuwa na miezi ya kuchezea.

Baada ya hapo nikaendesha mimi. Yeye alikaa kushoto, kofia pana kichwani, shavu limepakwa dawa ya kuzuia jua, mguu ukikanyaga breki ambayo haipo.

"Gia!" anasema.

"Kwenye lori lako," namjibu.

Tulirudi kliniki tena na tena, kwa mwanga mdogo na subira kubwa, madoa yakafifia, ngozi ikajikaza kidogo. Halikuwa shavu la kijana, nisiwadanganye. Ila mashavu yale sasa yalikuwa ndugu.

Wifi ndiye aliyetufungulia mlango siku tuliporudi kwa mama. Usukani akaketi kushoto kwa mama yake, akaamkia, akangoja. Mama akamwangalia kwa muda. Akanyoosha mkono, akampapasa shavu.

"Marahaba. Kitinda! Umerudi lini, wewe?"

Usukani akamshika mkono mama yake na kuubana kwenye shavu lile lile tulilolihangaikia. Mimi na wifi tukajifanya tunatazama nguo kwenye kamba.

Kisha mama akawa anachungulia njiani.

"Unatafuta nini, Mama?"

"Kuna mzee mmoja alikuwa anakuja kukaa na mimi hapa. Siku hizi simwoni. Mtu mwema, anasikiliza, hachoki." Akamgeukia mwanawe. "Ukikutana naye huko barabarani mwambie aje. Sijamaliza kumsimulia habari zako."

"Nitamwambia, Mama," Usukani akasema.

Nilimrudisha nyumbani jioni hiyo, na njia nzima hakukanyaga breki hata mara moja.