Kikombe Kilichojaa

Burulcha alikuwa amewahi kumuuguza mume na kuvumilia mama mkwe mwenye ulimi wa upanga, lakini bado alitakiwa aende darasani ndipo awe mama mlezi. Jirani yake alicheka mpaka akakohoa.

"Mtu mzima wewe, unasomea umama?"

"Nasomea. Na wewe ungekuja, wanao wangekushukuru."

Akasoma kweli. Alijifunza kutomchimba mtoto habari za wazazi wake, na kutompokonya mkate anaouficha chini ya mto. Likabaki jambo moja: Saikal, msichana wa miaka tisa kutoka kituo cha watoto cha Naryn, ashinde kwake huku Zuura, mwalimu wa darasa lile, akiwatazama. Wakielewana, mtoto atabaki. Wasipoelewana, anarudi kituoni.

Siku hiyo Burulcha alipagawa. Alichinja kondoo. Akamkalisha Saikal mahali pa heshima, mkabala na mlango, akamwekea mnofu ulionona na kummiminia chai nusu kikombe, kama anavyomiminiwa mgeni mpendwa. Maana kijiji kizima cha Kochkor kinajua: kikombe kikijazwa hadi ukingoni, unaambiwa kunywa uende zako.

Mtoto hakugusa kitu. Hata koti hakuvua.

"Kula, mwanangu!"

"Ahsante, nimeshiba."

Zuura akamnong'oneza mwenyeji wake: "Dada, hapo hukaa mgeni. Na mgeni huondoka."

Maneno yakamchoma Burulcha. Kumbe adabu zake zote zilikuwa zinamwambia mtoto kwamba hapa si kwao! Akainuka.

"Wee Saikal! Umekaa huko kama balozi, chai atamimina nani? Njoo kwenye samawari, hapa ndipo pa binti wa nyumba. Na uvue hilo koti, litaungua."

Saikal akamkazia macho. Kisha akavua koti, akaja kuketi karibu na mlango, penye samawari, akatia andazi mdomoni na kuanza kumimina.

"Polepole, utamwaga!"

"Simwagi, bibi. Wewe ndiye uliyezidisha majani."

Burulcha hakuwahi kubishiwa kwa utamu namna ile.

Jioni Zuura akasema bado ana maswali machache. Saikal akachukua kikombe cha mwalimu, akamimina, akazidi kumimina, hadi chai ikagusa ukingo. Akampa kwa adabu zote.

Zuura akakitazama, kicheko kikamtoka. "Haya, nimefukuzwa!"

Akainywa yote, akavaa koti lake, akaondoka peke yake.