Simu Kumi na Moja na Nukta Moja

Umbeya uliingia kwa mlango wa jikoni, miaka saba na mwezi mmoja iliyopita. Jirani yangu mshonaji aliuleta pamoja na gauni nililompa apunguze kiuno.

"Shoga, usinitaje," alisema. "Mpwa wangu anapeleka maji ya kunywa kule kazini kwa bintiyo. Anasema hana kazi tena yule. Wamemweka chumba kisicho na dirisha, kutwa anakodolea macho ukuta wenye madoa. Si bure. Akili imemruka."

Nilicheka. Alipotoka tu, nikauweka mwiko chini. Mimi niliishia shule ya msingi, na nilikuwa naona haya kumwuliza binti yangu anafanya kazi gani hasa. Maneno yale yalinikaa kama mwiba wa samaki kooni. Siku ya pili yake, asubuhi, nilimpigia simu kazini. Mara kumi na moja.

Alikuja mbio, jasho linamtiririka. "Mama, nani amekufa?" Hakuna aliyekufa. Nikampa chai, yakaisha. Nilidhani yameisha.

Juzi ndiyo nimekiona chumba chenyewe kwa mara ya kwanza.

Ni saa tatu asubuhi. Binti yangu, mwenye miaka arobaini na moja, amekaa kwenye kiti ambacho mgongo wake umefungwa kwa kitambaa. Dirisha kweli hakuna. Ukutani kuna karatasi ndefu kama shuka, imejaa nukta za kalamu. Kila nukta ni kipimo kimoja cha nyota moja. Amekaa na nyota hiyo miaka kumi na moja. Nukta ni mia moja na nne.

"Huangalii juu?" namwuliza.

"Mashine iliyoko mlimani ndiyo inaangalia, mama. Mimi asubuhi napokea tarakimu tu. Natafuta nyota inayoyumba."

"Nyota inayumba? Imelewa?"

Anacheka. "Mtu akizungusha ndoo ya maji, si mwili wake nao unayumba? Sasa ndoo yetu iko gizani, hatuioni. Tunamwona mtu anayumba, tunajua ameshika kitu kizito."

Nyota isiyoyumba huondolewa kwenye orodha. Hii yake itaondolewa mwisho wa mwaka, na mkataba wake wa kazi unaondoka nayo.

Ndipo nikaona, chini kabisa ya karatasi, nukta moja iliyojitenga na wenzake. Imepigwa alama ya mkasi kwa kalamu nyekundu, na tarehe imeandikwa pembeni.

"Na hii?"

"Hiyo niliitupa mwenyewe. Nyingine zote zimejipanga, hiyo imeanguka. Nilitakiwa nifungue daftari la mashine nione kama siku ile iliharibika. Kazi ya nusu saa. Nikaandika 'kosa', nikachukua mkoba."

"Kwa nini hukufungua?"

"Simu ilikuwa inaita, mama."

Nikaisoma tena ile tarehe. Ilikuwa siku ya zile simu zangu kumi na moja.

Anasema miezi miwili iliyopita alikuwa akipanga makaratasi ya mzee aliyemwachia kazi. Akakuta nyota ile ile, anguko lile lile, na neno lile lile: kosa. Kutoka anguko la mzee hadi lake ni miaka saba na miezi miwili. Akafungua madaftari. Siku zote mbili mashine ilikuwa nzima.

"Makosa hayaweki miadi, mama."

Kuna jitu kule. Linakaa mbali miaka yote, linapita karibu na nyota yake kwa siku kumi tu, linaivuta, linatokomea. Huenda ni sayari kubwa kuliko zote zinazozunguka jua letu. Huenda ni zito zaidi, kile wanachokiita kibete cha kahawia.

"Jina tu," anasema. "Si kibete wala si kahawia. Ni kubwa mno kuwa sayari, dogo mno kuwaka kama nyota."

"Kama jiko lililojazwa mkaa likakataa kushika."

"Hilo hilo."

Mwenzake wa meza ya pili anadakia bila kugeuka: "Mama, humu simu ikiita mara ya pili, wote tunasema ni wewe." Wanacheka. Mimi sikuweza.

Jitu linarudi mwezi ujao. Ameshaomba mashine ielekezwe huko siku kumi na mbili, apate nukta za kutosha kuujua uzito wake. Likimponyoka tena, "nitakuwa na miaka arobaini na nane, na wewe..." Hakumalizia. Mimi nina sabini.

Mzazi mwenzangu mwenye mtoto kwenye kazi usiyoielewa, epuka haya:

Usiamini habari za kazi ya mwanao kutoka kwa mtu wa maji.

Usione haya kumwuliza mwenyewe. Mimi haya ilinichukua miaka saba.

Usimpigie mara ya pili kama hakuna mgonjwa.

Usimharakishe mtu aliyeinama juu ya karatasi.

Usitupe kitu kwa sababu tu hakifanani na wenzake.

Na kuanzia tarehe tisa hadi ishirini mwezi ujao, asipigiwe simu binti yangu. Hata nikifa mimi. Mwambieni mshonaji, habari itamfikia.