Chokaa Niliyoipaka Mwenyewe

Mnaoniona leo nimekaa na tasbihi yangu, nasema polepole, mnadhani nilizaliwa hivi. Wapi! Nilikuwa mtu wa haraka, na mdomo nilikuwa nao. Nasimulia haya kwa sababu nimesikia kuna mtu wa Gazi ameungua na chokaa, amejifungia ndani, hataki kuonana na watu. Mwenye kumjua amfikishie.

Miaka hiyo ya hamsini, Mwingereza angali anatawala, mimi na mwenzangu Hamisi tulikuwa mafundi wa chokaa huku Msambweni. Tulichoma matumbawe katika tanuu, tukapaka nyumba za watu. Kila Shaabani tulipaka msikiti wetu wa zamani, ule wa mawe, kwa ajili ya Mungu. Mihrabu yake, pale anaposimama imamu, imechongwa katika jiwe la matumbawe tangu enzi za mababu. Kamba na majani ya kuchongwa yamezunguka upinde wote. Mimi nilichovya brashi ya makumbi, nikaipitisha juu, nikamaliza. Miaka saba hivyo. Mwalimu Rashidi, imamu wetu, aliniambia siku moja, "Salimu, hapo taratibu. Kuna kazi ya mtu."

Nikamjibu, "Mwalimu, weupe ni weupe."

Mwaka wa saba Ramadhani ilikuwa imebakisha siku tatu kuingia na chokaa bado mawe matupu. Desturi ni kuyamwagia maji kidogo kidogo shimoni, ukakaa mbali, ukangoja. Mimi nikamimina ndoo nzima, nikainama na mti nikoroge. Ikachemka, ikaruka, ikaniingia macho yote mawili.

Nilisikia macho yakiiva ndani ya kichwa. Nikapiga ukelele, "Maji! Hamisi, nipe maji!"

Hamisi alikuwa ameshainua mtungi. Akaurudisha chini. "Maji hapana, ndugu yangu. Umesahau chokaa ikikutana na maji hufanyaje? Itakuchemkia humo humo."

Na mimi, fundi mzima, nikakubali. Chokaa tuliijua kuliko watu wote pale, na kujua kwetu ndiko kulikoniponza. Alinifuta kwa kikoi kikavu, akanitia mafuta ya nazi, akaniongoza hadi nyumbani. Mke wangu, Mwanasiti, alinifunua kope, akatazama. Nikamwambia sema. Akasema, "La kulia limekuwa jeupe lote."

Kesho yake lori la nazi lilinichukua hadi Likoni, nikavushwa, nikafikishwa hospitali Mombasa. Daktari Mzungu alinibana kope, akauliza kitu. Dresa wake wa kufunga vidonda, Mtaita mmoja, akanifasiria: "Anauliza, mliosha kwa maji mengi?"

"Hatukuosha."

Dresa akamfasiria daktari. Kisha dresa akaniambia, "Maji machache huichemsha chokaa, kweli. Maji mengi huiondoa. Ungalitia kichwa ndani ya pipa palepale tusingalikuwa hapa. La kulia limekwenda, bwana. La kushoto tutaligombania."

Kope ilikuwa ikitaka kushikana na jicho, nyama kwa nyama. Kila asubuhi dresa alipitisha kijiti cha kioo chini yake, akakizungusha, akaitenga, akapaka marhamu. Usaha na damu vikinishuka hadi kidevuni. Nililia, mtu mzima na ndevu zangu. Nikamtukana mara mbili. Akasema, "Tukana utakavyo, lakini usifumbe."

Wiki sita. Siku ya kuruhusiwa alinieleza kwamba jicho limebaki na kovu. Likitulia, nitaona. Likikua, litanifunika. "Tafuta kitu kimoja kisichosogea," akasema. "Kitazame kila siku, mahali pale pale, saa ile ile. Ukiona sehemu yake inakupotea, njoo mbio."

Kitu kisichosogea nilikijua kimoja tu. Kila baada ya alasiri, mwanga ukiingia kwa mlango wa magharibi, niliegemea nguzo ile ile nikaitazama mihrabu. Mwanzoni niliona ukungu. Baada ya siku nyingi upinde ukajitokeza, kisha kamba, kisha majani. Kazi ya mtu niliyoipitishia brashi miaka saba, sasa naihesabu jani moja moja. Upande wa kulia, majani kumi na moja. Upande wa kushoto manane, halafu weupe mtupu.

Siku ya pili, manane na weupe. Siku ya kumi, vivyo hivyo. Nikajua kovu limeanza kula upande ule. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mwanasiti anifungie nguo, asubuhi lori likipita naondoka. Nilikuwa naogopa hata kufumba jicho nilale, nisije nikalifumbua bure.

Mwanasiti akauliza, "Huko kusikoonekana, umekushika?"

"Nishike nini? Jicho ndilo bovu."

"Kashike kwanza."

Nilikwenda baada ya swala ya alfajiri, kulipopambazuka vizuri. Nikapapasa. Chini ya kidole hapakuwa na jani. Palikuwa sawasawa kama sakafu. Nikakwaruza kwa ukucha, ikabanduka chokaa nene. Upande wa kushoto ndiko nilikoanzia kila mwaka, brashi ingali imejaa. Jicho langu lilikuwa zima. Aliyeyafunika majani ni mimi. Nikakaa chini nikacheka na kulia pamoja, na lori likapita likaenda zake.

Mwalimu Rashidi nilipomwomba ruhusa ya kuibandua chokaa alisema, "Aliyefunika afunue. Lakini patasi usiilete hapa." Nikatumia kijiti cha chelewa, ule uti wa jani la mnazi, na kitambaa kibichi, pua karibu na jiwe. Jani la tisa lilinichukua mwezi. La kumi, mwezi. La kumi na moja nilipolifikia nilikuta nusu yake haipo. Patasi ya yule mchongaji ilikuwa imemteleza. Lakini jiwe hakulitupa. Palepale palipomeguka alichonga tumba dogo la ua, kadiri ya karafuu, ambalo halipo kwenye jani lingine lolote.

Jina lake silijui. Mkono wake ulioteleza niliujua. Nikamwonea huruma, kisha nikajionea huruma na mimi, kwa mara ya kwanza tangu niungue. Mpaka siku ile nilikuwa nikijichukia.

Hamisi alikuwa hajakanyaga kwangu tangu siku ya ajali. Njiani akinipisha mbali. Nilimfuata kwake, nikamshika mkono hadi msikitini, nikakiweka kidole chake juu ya lile tumba. Nikamweleza. Machozi yalimtoka.

Namshukuru Mungu, na Mwanasiti, na yule dresa niliyemtukana. Jicho moja linanitosha. Wewe uliyeungua, toka nje; tafuta kitu kizuri kilichotulia, ukitazame bila haraka, na panapokupotea, papase kwanza. Na ninyi mafundi, chokaa ikimwingia mtu machoni ni maji, maji, maji, mpaka mtungi wa jirani uishe.

Shimo letu la chokaa sasa lina pipa la maji kando yake. Anayelijaza kila asubuhi, kabla hatujagusa kazi, ni Hamisi.