Ndege Inayozunguka Ziwa

Uongo wenyewe niliuanza kwenye simu, nikiwa na miezi mitatu tu kazini Mwanza. Mama aliniuliza kutoka Bukoba, "Hivi hiyo ndege inachukua muda gani kufika huku?"

Ukweli ni kwamba ukipanda Mwanza, kabla hujaizoea siti yako unaambiwa ufunge mkanda, mnashuka. Haifiki saa nzima. Nikamjibu, "Siku nzima, mama."

Sikuwa mtoto mbaya. Nilikuwa mtoto anayezipenda Jumamosi zake. Nikienda nyumbani, mama ananipeleka kuamkia ukoo mzima, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba napewa kahawa ya kutafuna na kuulizwa naoa lini. Kwetu kukataa kahawa ya mwenyeji ni kumdharau, kwa hiyo natafuna tu, taya zinauma, huku natafuta jibu jipya la kuoa.

Basi uongo wangu nikautunza vizuri. Nikamwambia ndege haziruhusiwi kukatiza ziwani, lazima zifuate ukingo kama mabasi. Baadaye nikaongeza kwamba kwanza zinapeleka watu Dar, zinajazwa mafuta, ndipo zinakumbuka Bukoba. Mama, aliyefundisha jiografia shule ya msingi mpaka akastaafu, alisema tu, "Poleni sana." Nikajiona mjanja kweli. Nikawa naenda mara moja kwa mwaka, na nikishuka nachechemea kidogo ili uchovu uonekane.

Jumamosi moja mwaka jana nilikuwa nyumbani kwangu Igogo nafua mashati, simu ikaita. Mama.

"Niko uwanja wa ndege hapa kwenu. Utakuja, au nichukue bajaji?"

Nilikwenda na mikono ina povu. Nikamkuta amekaa kwenye benchi, amepakata kifurushi kilichofungwa kwa kitenge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu shika."

Ndani ya kitenge kulikuwa na ndizi na maharage, alivyovipika alfajiri na kuvifunga kwenye majani ya mgomba. Nilipokipokea kifurushi, kikanichoma viganja. Mama alikuwa ananitazama usoni.

"Vipi, za moto?"

"Za moto, mama."

"Zimefuata ukingo wote wa ziwa, zikapita na Dar, na hazijapoa. Majani ya mgomba wetu ni mazuri sana."

Mzee aliyekuwa anasubiri mzigo pembeni yetu akageuka kunitazama. Nilitamani sakafu inimeze.

Nyumbani tulikula kutoka kwenye jani lile lile. Aliniwekea ndizi nyingi kuliko zake, na hilo ndilo lililonitia aibu zaidi. Mwisho nikaiweka chini ndizi niliyoshika. Nikamwomba msamaha, kisha nikamuuliza alijua lini.

"Siku ile ile uliyoniambia. Nimefundisha ramani watoto wa watu maisha yangu yote, nilikosee ziwa la mlangoni kwangu?"

"Sasa mbona hukuniambia, mama? Miaka yote hiyo unanipa pole."

Akafuta vidole kwa ncha ya kitenge, taratibu, kimoja kimoja.

"Majirani walikuwa wananiuliza mbona mwanao haji," akasema. "Nilihitaji kitu cha kuwajibu."