Chakula cha Mchana cha Doña Lala

Eulalia Zamarripa, Doña Lala wetu, alifanya kazi miaka ishirini na minane katika mkahawa ambamo hakuruhusiwa kukaa. Sisemi kukaa kwa maana ya kustarehe. Nasema kukaa, kuweka makalio kwenye kiti. Mfanyakazi akiwa ukumbini husimama, hata kama ukumbi ni mtupu, hata kama viatu vinambana na zamu imeingia saa ya tisa.

Mkahawa wenyewe uko ndani ya bustani ya burudani ya Starhaven, huku kusini mwa California, ghorofani, juu ya duka la kofia. Maelfu ya watu hupita chini yake na bisi mkononi na watoto mabegani, wasijue kwamba upo. Mlango hauna kibao, una kengele ya shaba tu, na anayebonyeza kengele ile ni mwanachama. Kuwa mwanachama unangoja miaka kwenye orodha, kisha unalipa ada ambayo Doña Lala asingeipata hata angeacha kula. Sisi wafanyakazi tulipaita Juu. "Leo umepangwa wapi?" "Niko Juu." Aliyesikia alijua kwamba leo utatabasamu mpaka mashavu yaume.

Doña Lala alizaliwa Michoacán, huko Mexico, akavuka mpaka akiwa na miaka thelathini na watoto wawili. Starhaven ilimpa kwanza ufagio na vyoo vya upande wa farasi wa kuzunguka. Mumewe, Chema, alikuwa anaezeka mapaa ya watu mpaka mapafu yakamkatalia; Doña Lala akamzika, akarudi kazini siku ya nne. Kwa sinia la Juu alisomesha mabinti wawili, mmoja ni muuguzi huko Fresno. Alikuwa na uwezo wa kubeba sahani sita kwa mkono mmoja, zimepangwa kuanzia vidole hadi begani, huku mkono wa pili ukimimina maji. Alijua mtoto wa nani anavimba akila karanga na mzee yupi hasikii kwa sikio la kushoto.

Beji yake iliandikwa LALA. Starhaven inapenda tuitwe majina ya kwanza, eti ni udugu. Basi mtoto wa mwanachama, wa miaka sita, alimwita "Lala, maji," naye akamjibu "Sawa, bwana mdogo." Udugu ulikuwa unashuka ngazi, haupandi. Sisi wa jikoni tulimwita Doña, kama anavyostahili kuitwa mwanamke wa umri wake.

Mimi nilimkuta pale nilipokuwa natafuta ada ya chuo, na chuo kilipokwisha nikabaki, kwa sababu shahada ya historia hailipi kodi ya nyumba. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Na mimi ndiye niliyemwambia asimwamini Dale Prewitt.

Bwana Prewitt alikuwa mwanachama wa siku nyingi, mtu wa majengo, uso mwekundu, mkarimu wa maneno. Kila alipokuja alimshika Doña Lala kiwiko na kuwatangazia wageni wake, "Huyu siku akistaafu atakula kwenye meza yangu. Hapa hapa. Mimi ndiye nitakayemvutia kiti." Wageni walicheka kwa furaha. Doña Lala alisema asante.

"Doña, hayo ni maneno ya mtu aliyeshiba," nilimwambia siku moja tukipangusa glasi. "Akifika kwenye maegesho ameshasahau."

"Wewe umesoma sana, Efrén. Amesema mara kumi na moja. Mtu hasahau kitu anachosema mara kumi na moja."

"Hata kasuku husema."

"Kasuku hana kadi ya uanachama. Pangusa hiyo, ina alama ya mdomo."

Alikuwa anataka kitu kimoja tu, na nataka kisidogoshwe. Hakutaka saa ya dhahabu wala keki ya idara ya wafanyakazi yenye jina lake limekosewa. Alitaka kula mlo mmoja mzima Juu, amekaa, anahudumiwa, kuanzia mkate hadi kahawa. "Miaka yote hii najua chakula kile kinavyonukia," aliniambia. "Sijui kinavyokuwa ukikila na uma mzito, dirishani, bila mtu kukuita."

Siku moja kabla ya zamu yake ya mwisho, Bwana Prewitt alikuwepo. Doña Lala akaenda na jagi la maji, akammiminia, akasema bila kushusha sauti, "Bwana Prewitt, kesho ndiyo mwisho wangu. Jumamosi mchana nina nafasi."

Mkewe, Marjorie, akamtazama mumewe kwa jicho la mtu anayesubiri kuona. Prewitt akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. "Jumamosi," akasema. "Kwa nini isiwe? Jumamosi."

Ijumaa meneja wetu, Lindqvist, aliniita ofisini na orodha ya wageni mkononi. "Hili jina ni la Lala wetu?"

"Ni la mgeni wa Bwana Prewitt."

"Wafanyakazi hawawi wageni, Efrén. Unajua hilo."

"Jumamosi hatakuwa mfanyakazi. Anarudisha beji leo saa kumi."

"Wa zamani pia. Kwa mwaka mmoja."

"Ukurasa gani?"

"Nini?"

"Kitabu cha sheria. Ukurasa gani? Nimekisoma chote, na wewe ulinisainisha kwamba nimekisoma."

Sheria hiyo haikuwemo. Yeye alijua, na aliona kwamba mimi najua. Akasema ni desturi. Nikamwambia basi ampigie simu Bwana Prewitt amweleze desturi hiyo. Lindqvist ni mtu anayeogopa wanachama kuliko anavyowadharau wafanyakazi, na ndiyo sababu pekee jina halikufutwa. Akaniambia meza hiyo nitaihudumia mimi, na kosa lolote litakuwa langu.

Jumamosi saa saba na nusu akina Prewitt walifika na wageni wengine wawili, Bwana na Bibi Kessler, watu wa benki. Nikawaketisha dirishani, mahali ambapo gwaride la saa tisa linapita chini yako kama limeletwa kwa ajili yako. Kiti cha tano kikabaki wazi. Dakika kumi zikapita. Prewitt akatazama saa, na nikaona uso wake ukianza kupata nafuu.

Ndipo mlango wa jikoni ukafunguliwa, akatokea Doña Lala. Gauni la kijani, nywele zimefungwa, lipstiki, mkoba mdogo chini ya kwapa. Alikuwa amepanda kwa lifti ya mizigo, pamoja na makreti ya saladi. Kwa miaka ishirini na minane hakuwahi kuingia kwa njia nyingine, na mlango wa kengele hakuukumbuka mpaka alipofika kati ya majiko, na mpishi, Thinh, akamuuliza anamtafuta nani.

Lindqvist akaniwahi sikioni. "Mgeni hapiti jikoni."

"Ameshapita."

Nikamvutia kiti mwenyewe, kwa sababu Prewitt hakunyanyuka. Akaketi. Alishika kingo za kiti kwa mikono miwili kidogo, kisha akaziachia.

Mkate ulikwenda vizuri. Baada ya hapo kikaanza kile kinachoniudhi mpaka leo. Prewitt hakumleta yule mama kula. Alimleta kuonyesha. "Lala, wasimulie Kessler ile ya mzee aliyesahau meno kwenye glasi." Akasimulia. "Wasimulie ile ya harusi." Akasimulia. Samoni ikaja, na viazi vidogo vya siagi, na kila alipoinua uma Prewitt alikuwa na swali jingine, na yeye, kwa adabu yake, aliuteremsha uma ili ajibu. Wale wanne walikula huku wakisikiliza. Mtu akisimulia hatafuni. Sahani zao zilipobaki miiba na mafuta, ya kwake ilikuwa nzima, imemegwa kona moja.

"Sasa ile ya sahani," Prewitt akasema.

"Ipi, bwana?"

"Unajua ipi. Sita kwa mkono mmoja. Kessler haamini."

"Sikusema siamini," Kessler akasema, akiwa ameona haya.

"Dale, amevaa gauni," Marjorie akasema.

"Dakika moja tu. Ni kipaji hicho, mwacheni aonyeshe. Njoo, Lala."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma yake, mikono mgongoni kama tunavyofundishwa. Ningeweza kusema neno. Nilikuwa na kitabu kizima cha maneno kichwani, na nilisimama pale kama kinara cha taa.

Doña Lala akasimama. Mkono wake wa kushoto ukajikunja wenyewe. Sahani ya Kessler, ya mkewe, ya Marjorie, ya Prewitt, moja juu ya kifundo, moja kwenye mkono, moja karibu na kiwiko, uma na visu vimelala upande mmoja. Ya tano akaichukua kwa mwendo uleule, bila kuitazama. Watu wa meza jirani wakapiga makofi. Naye, kwa kuwa mtu akishika sahani chafu haziweki tena mezani, aligeuka akaelekea jikoni, akausukuma mlango kwa nyonga, akapotea.

Mimi nikafanya ninachotakiwa kufanya mgeni akinyanyuka: nikakunja kitambaa chake nikakilaza kwenye mkono wa kiti. Maana yake mtu anarudi.

Lindqvist akaja. "Ondoa kiti hicho. Weka vijiko vya kitindamlo, vinne."

"Kitambaa kiko kwenye kiti."

"Nakiona kilipo."

"Basi unajua."

Nikamwacha nikaingia jikoni. Doña Lala alikuwa amesimama mbele ya beseni la kuoshea. Sahani nne alikuwa ameshazikwangua. Ya tano alikuwa ameishika mikononi, na samoni imeteleza nusu ndani ya pipa la mabaki.

"Efrén," akasema polepole, "nimejiondolea chakula changu."

Thinh akaacha kikaango. "Doña, hukula?"

"Nimejiondolea mwenyewe. Hakuna aliyeniomba hiki. Bwana Prewitt aliomba sahani zao tu." Akaitazama ile sahani. Sikuwahi kumwona amekasirika kabla ya siku ile, na sikujua mara moja kwamba ndicho ninachokiona, maana hasira yake haikupanda, ilishuka, ikatulia kwenye taya. "Miaka ishirini na minane wamenifundisha kuondoa sahani, na leo nimeondoa ya kwangu imejaa."

"Niwaambie waondoke," nikasema. "Nitamwambia Prewitt usoni, hapo mbele ya watu wa benki."

"Utamwambia nini? Ufukuzwe, halafu mimi nirudi nyumbani na njaa?" Akaiweka sahani. Akanawa mikono, akaipangusa kwa taulo ya Thinh, akanyoosha gauni. "Nivutie kiti."

Tukatoka. Nikavuta kiti. Akaketi, nikamtandazia kitambaa mapajani.

"Safi sana, Lala," Prewitt akasema. "Safi sana. Efrén, tuletee kile cha chokoleti, kwa wote."

Doña Lala akaniinulia uso. "Kijana, samoni yangu iliondolewa kabla sijala. Naomba nyingine. Iwe moto."

Hakuwahi kuniita kijana maisha yake yote. Ni wageni wanaotuita hivyo.

"Mara moja, bibi," nikasema.

Prewitt akacheka. "Lala, sisi tumemaliza. Tuna mashua ya saa tisa, tumeshika nafasi. Atakufungia uende nayo."

"Juu hatufungi chakula, Bwana Prewitt. Ninyi wanachama hamkupenda, miaka ile, mliandika barua. Mlisema panafanana na kioski."

Marjorie akaweka mkono mdomoni. Hakuwa anakohoa.

Thinh alikuwa na kipande kikaangoni kabla sijafika. Aliweka viazi saba badala ya vitano. Nikakipeleka kwa mikono miwili, nikakizungusha mpaka samaki akakaa mbele yake kama inavyotakiwa, na Doña Lala akashika uma ule mzito, akala. Prewitt alipomuuliza kitu, alitafuna kwanza, akameza, akanywa maji, akajipangusa mdomo, ndipo akajibu, "Ndiyo," au "Sikumbuki." Maswali yakaisha.

Kuna jambo moja Juu ambalo kila mwanachama analijua na analisifia kwa wageni wake: kitindamlo hakitoki, kahawa haitoki, kijiko hakiwekwi, mpaka mtu wa mwisho mezani aweke uma chini. Ni wao wanachama waliolidai, ili asiharakishwe yeyote kati yao. Lindqvist alikuwa amesimama karibu na nguzo na kalamu yake. Jumatatu aliniandikia onyo kwa kumjibu mbele ya wageni, nikalisaini. Lakini saa ile hakusogea.

Ngoma za gwaride zikaanza kusikika chini. Mashua ya saa tisa ikaondoka bila akina Prewitt. Kessler alikuwa anatazama dirishani kwa bidii kubwa.

Prewitt akaniashiria kwa kidole. "Kahawa tu, basi. Hiyo unaweza kuleta."

"Bado, bwana. Kuna mgeni anakula."

Doña Lala akakata kiazi vipande viwili, akaanza na kile kidogo.