Mchicha wa Kando ya Mto

Fundi wa ngozi yule ulimtambua kwa vidole kabla ya uso. Dawa za kiwandani zilikuwa zimezila kucha zake na kuziacha na rangi ya buluu, hata akisalimiana na mtu alitoa kiwiko badala ya kiganja. Ngozi iliyoiva aliipapasa taratibu, macho kayafumba, akiibembeleza: "Haya, bibie, sasa umelainika." Kisha alifungua koki, na maji machafu ya mapipa ya dawa yakateremka mtoni yakitoa povu.

Siku moja dada yake alimletea fungu la mchicha kiwandani. "Kaka, huu nimeulima mwenyewe, pale chini mtoni. Watoto wanaupenda ajabu." Alitaka kumwambia habari ya maji yale, lakini msimamizi wake alikuwa amesimama mlangoni.

"Kila ukiuchuma, niletee mimi wote," akasema. "Watoto watafutie mboga nyingine."

Dada akaangua kicheko. "Uzee umekufanya mlafi!"

Akacheka naye. Dada alipokata kona, aliutumbukiza mchicha kwenye pipa la mabaki ya ngozi, akaushindilia kwa mikono miwili mpaka usionekane.